Jakihama, kijiko kidogo au roboti ya rimoti: ipi ya kubomolea ndani ya jengo?

Mkandarasi aliyepewa kazi ya kubomoa ndani ya jengo ambalo kwa nje linabaki limesimama ana njia tatu za kuchagua. Anaweza kuwapa vijana jakihama, ile mashine ya mkono ya kuvunjia zege, pamoja na nyundo na mtalimbo. Anaweza kuingiza kijiko kidogo, yaani mashine ndogo ya kuchimbia, kilichofungwa nyundo ya haidroliki, inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo. Au anaweza kukodi mashine ya kubomoa inayoendeshwa kwa rimoti. Mafundi wengi huiita roboti, ingawa haiamui kitu yenyewe: kila inachofanya kinatoka kwenye vidole vya opereta aliyesimama mita chache pembeni.

Watu huzilinganisha hizi tatu kwa bei na kasi. Hayo ni ya muhimu na nitayagusa, lakini kwangu swali la kwanza ni hili: zege likivunjika, mtu atakuwa amesimama wapi? Mwenye jakihama anasimama juu ya kile anachokivunja. Dereva wa kijiko ameketi ndani ya chuma, na chuma hicho kimekaa juu ya sakafu inayobomolewa. Opereta wa roboti ana uhuru wa kuchagua mahali pa kusimama, na ndiyo maana ajali nyingi za mashine hii zinahusu mahali hapo hapo alipochagua.

Jakihama: rahisi kuipata, ghali kwa mwili

Jakihama inapatikana kila mahali. Unaikodi asubuhi na jioni unairudisha, haihitaji umeme wa njia tatu, na mtu mmoja anaipandisha kwa ngazi. Kwa kazi ndogo haina mpinzani: kufungua tundu la bomba, kuchonga ukingo wa slabu (sakafu ya zege) pale nondo zinapotakiwa kubaki salama, kumalizia kona ambazo mashine kubwa haifiki. Hata eneo lenye roboti ya tani mbili huwa na jakihama moja au mbili kwa umaliziaji.

Shida inaanza inapofanywa mashine kuu ya kazi ya wiki kadhaa. Zile nzito zina kilo 25 hadi 30, na mtikisiko wake unapita moja kwa moja viganjani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 kuhusu mtikisiko kazini imeweka mipaka miwili kwa mikono, ikipimwa kwa wastani wa siku ya saa 8: kwenye 2.5 m/s² (kipimo cha ukali wa mtikisiko) mwajiri lazima achukue hatua, na 5 m/s² haitakiwi kuvukwa. Sasa chukua jakihama inayotikisa kwa 10 m/s², kiwango ambacho si cha ajabu kwa mashine ya zamani isiyo na kizuia mtikisiko. Kwa hesabu ya sheria hiyo, nusu saa ya kuibonyeza inatosha kufika mpaka wa kwanza. Saa mbili zinafikisha mpaka wa pili. Kijana anayeanza saa mbili asubuhi ameshamaliza mgao wake wa siku kabla ya chai ya saa nne haijapoa, na bado tunamtaka aendelee mpaka jioni.

Madhara yake huanza kwa ganzi ya vidole, kisha mkono unapoteza nguvu ya kushika vitu vidogo. Kwenye nchi za baridi vidole hugeuka vyeupe na watu hushtuka. Kwenye joto la pwani weupe huo unaweza usijitokeze wazi, lakini mishipa na neva zinaumia vile vile.

Halafu kuna vumbi. Zege lina mchanga, na mchanga una madini ya silika. Marekani, kwa kanuni ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Ni kiasi kidogo mno, hakionekani kwa macho. Maana yake ni kwamba ukiliona wingu la vumbi chumbani, kikomo kimepitwa zamani. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haina tiba, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu bado kipo mitaani, jambo hili lingetosha peke yake kumfanya mkandarasi afikirie upya.

Kijiko kidogo: kizuri chini, cha kuogopwa juu

Kijiko cha tani moja na nusu hadi tani tatu kina faida ambayo roboti haina: dereva yuko ndani ya kibanda. Kikiwa na paa la chuma lililopimwa kuhimili vitu vinavyoanguka, pamoja na wavu wa mbele, vipande vya zege vinagonga chuma badala ya kichwa. Kina ndoo pia. Ukibadilisha nyundo kwa ndoo, mashine ile ile inapakia kifusi. Na madereva wake wapo: Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, hutakosa mtu anayekijua vizuri.

Kwa kubomoa nyumba ya chini, ukuta wa uzio, jamvi la zege lililokaa juu ya ardhi au msingi wa zamani, ningechagua kijiko bila kusita. Ardhi ya chini ni imara, hewa ni ya wazi, nafasi ya kuzunguka ipo.

Kipandishe ghorofani na hesabu inabadilika. Vingi vinatumia dizeli, na ndani ya jengo moshi wa dizeli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Feni ya kuvuta hewa inasaidia ikiwa hewa safi nayo ina mahali pa kuingilia. Feni iliyowekwa kwenye chumba kilichofungwa inazungusha moshi ule ule. Lakini hofu yangu kubwa ni sakafu. Slabu ikikatika, dereva anakwenda nayo. Kibanda kilichotengenezwa kumkinga na kitu kinachotoka juu hakikutengenezwa kumshusha salama ghorofa ya chini.

Roboti: inachokupa, na inachokuomba

Mashine hizi zimekuwepo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Brokk ya Skellefteå, Sweden, ilianza nazo mwaka 1976. Husqvarna, nayo ya Sweden, iliingia na mashine zake za DXR mwaka 2009. Zinatumika kubomoa ndani ya majengo, kutoa matofali ya moto kwenye matanuru ya saruji na vyombo vya kuyeyushia chuma, kwenye mahandaki, na kwenye vituo vya nyuklia. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, mashine za Brokk zilikuwa miongoni mwa zilizopelekwa kuondoa vifusi mahali ambapo mtu hakuweza kukaa.

Muundo wake unaeleza mengi. Chini kuna mikanda kama ya katapila, pembeni miguu minne ya kuegemea inayotanuka, juu mkono wenye vipande vitatu unaozunguka, na ndani mota ya umeme inayosukuma pampu ya haidroliki. Hakuna kiti wala kibanda, kwa hiyo uzito wote umewekwa kwenye nguvu. Watengenezaji husema mashine ya tani moja hubeba nyundo ambayo kwa kawaida ungeikuta kwenye kijiko chenye uzito mara mbili au tatu zaidi. Ukiiona ikivunja ukuta wa zege kutoka juu kwenda chini, mkono umenyooshwa juu ya kichwa cha mtu, utaelewa kwa nini jakihama haiwezi kulinganishwa nayo kwa kasi. Kazi ya ukutani na darini ndiyo inayowaumiza zaidi wenye jakihama, na ndiyo roboti inayoifanya kwa urahisi kabisa.

Kwa upande wa mwili, inaondoa mtikisiko mikononi, inamtoa mtu kwenye vipande vinavyoanguka, na inampa umbali kutoka kwenye kelele. Vumbi nitalitenga. Wauzaji husema roboti inamwokoa opereta na vumbi. Ni kweli kwamba anasimama mbali zaidi na patasi, ile ncha ya nyundo inayogonga zege. Lakini roboti inavunja zege nyingi zaidi kwa saa, kwa hiyo chumba kinapata vumbi jingi zaidi, na msaidizi aliyeko karibu analivuta lote. Maji ya kupuliza kwenye ncha ya patasi ni lazima, na barakoa ya kuchuja vumbi laini ni lazima kwa kila aliye ndani, opereta akiwemo.

Sasa yale ambayo mashine inakuomba. Opereta wa roboti hana chuma kinachomkinga. Anasimama wima kwa miguu yake, kwenye sakafu ile ile, karibu na mashine ya tani moja au zaidi inayoweza kugeuka kwa sekunde. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, imewahi kutoa tahadhari kuhusu maopereta waliobanwa na mashine zao wenyewe. Wengi hudhani rimoti maana yake ni umbali. Rimoti inakuwezesha kukaa mbali, haikulazimishi.

Ninayoyaona yakiwavuta maopereta kuingia eneo la hatari ni mambo matatu, na yote yana sababu inayoeleweka.

La kwanza ni kuona. Patasi imezama nyuma ya boriti, vumbi limejaa, na opereta anasogea hatua moja, kisha nyingine, ili aone ncha inagonga wapi. Mkono wa mashine ya tani moja unafika mita tatu na nusu hadi nne hivi. Ongeza urefu wa nondo inayoweza kuchomoka na kupinda, ongeza mahali kipande kitakapobingirikia, ndipo upate mpaka wa eneo la hatari. Mpaka huo upakwe rangi sakafuni au uwekewe utepe kabla mashine haijawashwa. Kama huoni kutoka nje ya mpaka, simamisha, zima, hama upande, au weka taa na kamera.

La pili ni kebo. Roboti nyingi zinakula umeme kupitia kebo nene inayoburuzwa nyuma. Mashine ikirudi kinyumenyume inaweza kuikanyaga, kwa hiyo mtu anainama kuivuta pembeni, na akiinama yuko nyuma ya mashine inayosogea. Kebo ining'inizwe juu pale inapowezekana, na kama kuna msaidizi wa kebo, aishike mbali, opereta akiwa anamwona muda wote. Asipomwona, haendeshi.

La tatu, na hili ndilo ningependa kila mwenye nia ya kununua alione kwa macho yake, ni kusafirisha mashine kupita mlangoni. Kwenye rimoti kuna vijiti viwili, na vijiti hivyo hivyo vinafanya kazi tofauti kulingana na hali uliyochagua: ukiwa kwenye hali ya kazi vinasogeza mkono, ukiwa kwenye hali ya mwendo vinasogeza mikanda, na kwenye hali ya miguu vinashusha au kupandisha miguu. Opereta aliyesahau yuko kwenye hali ipi anasukuma kijiti akitarajia mkono upande, na mashine nzima inakuja mbele. Ongeza jambo jingine: ukisimama nyuma ya mashine, kulia kwako ni kulia kwake. Ukisimama mbele yake mkitazamana, kulia kwako kunakuwa kushoto kwake. Mlangoni, ambapo zimebaki sentimita kumi kila upande, opereta hutangulia ndani ili aone fremu. Hapo ametazamana na mashine, mikono inachanganya pande, na nyuma yake kuna ukuta. Hivyo ndivyo mtu anavyobanwa. Mashine iongozwe kutoka nyuma au ubavuni palipo wazi, mkono ukiwa umekunjwa chini, miguu ikiwa imeinuliwa kidogo tu kutoka sakafuni ili mashine ikiyumba iidake. Kwenye mteremko, hakuna anayesimama upande wa chini.

Kubadilisha patasi nako kunahitaji nidhamu, kwa sababu ni wakati ambao watu wawili wako karibu na mashine kwa ruhusa. Msaidizi anauliza kwa sauti, "Fundi, umezima?" na hasogei mpaka asikie, "Nimebonyeza swichi nyekundu ya kuzimia, rimoti nimeivua, ingia." Rimoti ibaki mkononi mwa fundi au iwekwe mahali palipokubaliwa, isiachwe ikining'inia kiunoni huku ameinama, kwa maana mkanda au kifusi kikigusa kijiti, mkono unasogea. Patasi iliyotoka kazini ina moto wa kuunguza glavu. Na bomba la haidroliki linalovuja halishikwi kwa kiganja kutafuta tundu: mafuta yenye shinikizo la zaidi ya ba 150 hupenya ngozi, jeraha linaonekana dogo, na mtu anahitaji kupelekwa hospitali saa ile ile.

Kwa muhtasari wa macho, tofauti za mashine zenyewe ni hizi:

| | Jakihama | Kijiko kidogo | Roboti ya rimoti |
|---|---|---|---|
| Mtu yuko wapi | Juu ya kinachovunjwa | Ndani ya kibanda, juu ya sakafu | Pembeni, anapochagua |
| Kinachoumiza zaidi | Mtikisiko, vumbi, mgongo | Sakafu kukatika, moshi, kupinduka | Kubanwa na mashine, kebo |
| Nguvu | Umeme wa kawaida au hewa ya kompresa | Mara nyingi dizeli | Umeme wa njia tatu, baadhi dizeli |
| Ukuta na dari | Vibaya | Wastani | Vizuri sana |
| Kupakia kifusi | Hapana | Ndiyo | Kwa shida |

Ukubwa: anza na sakafu, malizia na mlango

Ukiamua kuchukua roboti, uchaguzi unaofuata ni wa uzito, na hapa ndipo naona watu wakiharakisha. Wanapima mlango, wanafurahi mashine inapita, na sakafu wanaisahau.

Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban 1.5 kN kwa mita ya mraba, yaani kama kilo 150. Ya ofisi ni karibu 2.5 kN. Mashine ya tani moja ikiwa na nyundo yake haikai kwenye mita nyingi za mraba. Ikitanua miguu, uzito wote unashuka kupitia vibati vinne vidogo, na mkono ukinyooshwa upande mmoja, miguu miwili ya upande huo inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Weka mbao nene au vibao vya chuma chini ya miguu ili mzigo usambae, weka nguzo za chuma za kuegemeza kwenye ghorofa ya chini yake, na usiyaamue hayo kwa macho: mhandisi wa majengo ayaandike na kuyatia sahihi.

Kifusi chenyewe kinawaangusha watu zaidi ya mashine. Lundo la kifusi cha zege lenye kina cha sentimita 30 lina uzito wa zaidi ya kilo 400 kwa kila mita ya mraba. Hiyo inapita mara mbili kile sakafu ya nyumba ilichosanifiwa kubeba, kabla hujaiweka mashine juu yake. Roboti inatengeneza kifusi kwa kasi ambayo vibarua wenye toroli hawaimudu. Kwa hiyo ratiba ya kutoa kifusi ndiyo inayoamua kasi ya kuvunja.

Kuhusu vipimo, Brokk 70 ina takriban kilo 560 bila kifaa cha mbele na upana wa sentimita 60. Lifti ya kawaida ya watu 8 ina uwezo wa kilo 630, kwa hiyo mashine inaweza kuingia peke yake, nyundo ikafuata safari nyingine, mradi lifti ni nzima na msimamizi wake amekubali. Husqvarna DXR 140 ina karibu tani moja na upana usiofika sentimita 80; mlango inapita, lifti hiyo haiibebi. Ukienda kwenye tani mbili, utahitaji winchi na tundu kwenye ukuta wa nje. Kwa kazi nyingi za ndani ya ghorofa za makazi na ofisi katika miji yetu, ningeanza kuangalia mashine za nusu tani hadi tani moja. Kubwa zaidi ya hapo ni kwa madaraja, viwanda na mahandaki.

Umeme au dizeli

Ndani ya jengo, umeme. Sina mjadala na hili. Hakuna moshi, kelele ya mota ni ndogo, na mashine haihitaji kusimama kuongezwa mafuta.

Lakini umeme wenyewe uwe wa kweli. Mashine ya tani mbili inataka takriban kilowati 20, zaidi ya ampea 30 kwa kila njia. Majengo mengi yanayobomolewa umeme wake umeshakatwa, na jenereta la kuazima linalotosha taa na mashine ya kuchomelea halitatosha hapa. Kebo ndefu na nyembamba inashusha volti, mota inavuta ampea zaidi kufidia, na joto linapanda. Mashine mpya hujipunguza nguvu zenyewe umeme ukiwa hafifu; za zamani huungua. Pima volti mwisho wa kebo mashine ikiwa inafanya kazi, si pale kwenye jenereta. Kifaa cha kukata umeme unapovuja kiwepo na kijaribiwe kila asubuhi, na viungio vya kebo viinuliwe kutoka sakafuni, kwa sababu sakafu itakuwa na maji ya kuzuia vumbi.

Dizeli ina nafasi yake kwenye eneo la wazi lisilo na umeme: daraja la kijijini, machimbo, bomba kubwa la maji.

Rimoti ya redio au ya waya

Zote nzuri zina redio, na nyingi hukubali kuunganishwa kwa waya. Redio inampa opereta uhuru wa kuhama, na uhuru huo ni usalama. Waya unamfunga kwenye urefu wake na kumwongezea kitu cha kujikwaa. Hata hivyo waya ni wa lazima penye marufuku ya redio, mathalani karibu na vifaa fulani vya hospitali au panapotegwa baruti. Kwa redio, hakikisha mawasiliano yakikatika mashine inasimama yenyewe. Kama kuna mashine mbili eneo moja, kila rimoti iandikwe kwa rangi nene mashine yake, na kila asubuhi opereta aijaribu kwa kusogeza kitu kidogo huku akiangalia ni ipi iliyoitika.

Nyundo au mkasi

Nyundo ndiyo inayouzwa pamoja na mashine, na wengi hawafikirii zaidi. Mkasi wa zege, ambao hubana na kuponda, ni wa kimya zaidi, hautikisi jengo, na haurushi vipande mbali. Jengo likiwa na wapangaji ghorofa za juu, au likiwa ni hospitali iliyo wazi upande mmoja, mkasi ungekuwa chaguo langu hata kama kazi itachukua siku zaidi. Unahitaji ukingo wa kushika, kwa hiyo nyundo itafungua tundu kwanza. Na vipande vinavyotoka ni vizito: kinachokatwa lazima kiwe kimeegemezwa au chini yake pawe pamefungwa kabisa.

Nani aendeshe

Dereva mzuri wa kijiko si opereta wa roboti moja kwa moja. Anajua haidroliki na anajua zege linavyovunjika, lakini amezoea kuketi katikati ya mashine, kila kitu kikizunguka pamoja naye. Mpe muda wa mazoezi kwenye uwanja mtupu, ahamishe mashine mbele na nyuma akiwa amesimama pande zote nne, mpaka mikono yake izoee. Kwa upande wa mwili, anasimama siku nzima na kisanduku cha rimoti kiunoni, macho yakiwa kwenye sehemu moja. Apokewe na mwenzake kwa zamu. Ndugu zetu walioko Ghuba watalielewa hili zaidi: dereva wa kijiko ana kiyoyozi, opereta wa roboti kwenye eneo la wazi yuko juani. Katazo la kazi za juani saa za mchana, linaloanza saa sita na nusu katika Oman na Imarati miezi ya kiangazi, linamhusu yeye pia hata kama "anabonyeza vitufe tu".

Kisheria, kubomoa kuna wenyewe. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 chini ya OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Kenya kuna sheria ya mwaka 2007 chini ya DOSHS, kurugenzi ya serikali ya kazi hiyo hiyo. Zote mbili zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mafunzo na mashine salama. Kuwa na roboti hakupunguzi wajibu huo.

Ningechagua nini

Jamvi la chini au uzio: kijiko. Tundu chache na umaliziaji: jakihama yenye kizuia mtikisiko, maji, na zamu fupi fupi za kupokezana. Kuta za zege, ngazi au slabu ndani ya ghorofa, kwa kazi ya zaidi ya siku chache: roboti ndogo ya umeme, ya kukodi pamoja na opereta wake kwanza, na vijana wenu wajifunze kwake. Ghorofa ambayo mhandisi hajaikubali kwa mashine yoyote: vipande vikatwe kwa msumeno wa zege na kushushwa kwa winchi, hata ikichukua muda mrefu.

Ukifikia kununua iliyotumika kutoka Ulaya, kagua mabomba ya haidroliki yote, kagua vibati vya miguu na pini za mkono kama zimelegea, hakikisha rimoti ni ya mashine hiyo hiyo na betri zake mbili zinashika chaji, na udai kitabu cha maelekezo. Kisha mwombe muuzaji aiwashe, azungushe mkono, na wewe ubonyeze swichi nyekundu mkono ukiwa katikati ya mzunguko. Usimame papo hapo. Halafu uzime rimoti kabisa mkono ukiwa unazunguka tena, uone kama napo unasimama. Muuzaji asipokubali majaribio hayo mawili, mashine hiyo usiinunue.